Inchi Tatu Juu ya Tonny

Jumamosi asubuhi, nyuma ya nyumba yake mjini Kitale, Kipketer aliegesha pikapu kwenye saruji, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akachomoa waya za betri. Boliti zinazoshikanisha bodi na chesisi alikuwa amezimwagia dizeli jana yake ili kutu ilegee. Vifaa vilikuwa vimekuja kwa basi kutoka Nairobi: vibonge vyeusi vya plastiki ngumu, kila kimoja unene wa inchi tatu, pamoja na boliti ndefu za kuvipitia. Kazi ilikuwa kuinua bodi peke yake, kupachika vibonge kati yake na chesisi, kisha kukaza.

Jirani yake Munene alileta jeki kubwa, akaingia chini ya gari kwa mgongo.

"Lakini unaelewa hii haiinui difu," alisema kutoka huko chini. "Chesisi inabaki pale pale, na difu pia, inaning'inia kati ya magurudumu ya nyuma. Itaendelea tu kumgonga."

"Mimi sikai kwenye difu," Kipketer alijibu. "Nakaa kwenye kiti."

"Sawa bana. Gari ni yako."

Aliyekuwa akigongwa ni Tonny Wakhungu. Tangu siku alipouawa alilala kifudifudi katikati ya barabara ya vumbi baina ya Sirisia na Malakisi, mkono mmoja chini ya tumbo. Hakuoza. Kila gari lililompita juu lilimfanya ainuke kidogo, kama unga uliotiwa hamira, hata mgongo wake ukazidi matuta yote ya barabara za Bungoma. Polisi walifika, wakampima, wakaandika kwamba ni tuta. Baadaye watu wa barabara walimpaka mistari myeupe mgongoni ili madereva wamwone mapema. Magari madogo yalizunguka kupitia mahindini. Pikapu ya Kipketer, ikiwa imejaa viazi vya kwenda sokoni Malakisi, ilimkwaruza kila safari, na mtikisiko ulipanda sakafuni hadi kwenye meno ya dereva.

Ukoo wa Tonny ulijaribu kumtoa kwa kamba na ng'ombe wa kulima. Kamba zilikatika, na ng'ombe mmoja akavunjika mguu, akachinjwa papo hapo. Kisha akaja muuza nyama mmoja wa Sirisia, akalia, akashika mguu wa kushoto wa Tonny, ule ambao yeye mwenyewe aliuvunja kwa mpini wa shoka. Mguu ukainuka, mwepesi kama wa mtoto mchanga. Akaurudisha chini, kwa sababu sehemu nyingine hazikuwa zake. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kila mtu aliweza kuinua pale alipopiga. Waliorusha mawe walikuja mmoja mmoja, wakajaribu, ikawa kweli. Kilichobaki ni mgongo na kiuno, na hivyo vilikuwa vimevunjwa na pikapu.

Phelista, mama yake Tonny, alifika langoni boliti ya pili ikianza kulegea. Jepchumba, mke wa Kipketer, alimletea kiti na chai ya maziwa. Mgeni ni mgeni.

"Baba Chesang," Phelista alimwambia Kipketer, "kaburi tumechimba, mvua inajaza, tunachimba tena. Wengine wote wamekubali. Leo wako pale barabarani wanangoja. Mimi sisemi polisi, sisemi korti. Nasema tu wewe na huyu Munene mkuje mshike upande wenu, tumpeleke nyumbani."

"Mama, niko na kazi."

"Naona. Unainua gari."

Kipketer alijifuta mikono. "Mwezi ujao natawazwa mzee wa kanisa. Nikimshika halafu ainuke, watu watasema ni mimi."

"Watu walikuwa pale. Wanajua."

"Kujua si kuona."

"Na si waliona, bana," Munene alisema chini ya gari.

"Wewe fungua boliti."

Boliti za upande wa kushoto zilipotoka zote, Munene aliweka kipande cha mbao juu ya jeki ili bodi isibonyee, akaanza kupampu. Bodi iliachana na chesisi kwa mlio mrefu wa kutu, na katika ule upenyo mweusi siku ile Tonny alipouawa ikaanza kutoka. Kwanza ilitoka sauti ya Kipketer ikiita, "Mwizi! Mwizi!" Zikafuata nyayo nyingi, kisha mipini ikitua juu ya nyama, kisha mfupa wa mguu. Mtu fulani alikuwa akicheka. Jiwe la ukubwa wa ngumi lilichomoka kwenye upenyo, likampasua Munene juu ya jicho, likaviringika hadi kwenye viatu vya Phelista. Munene alijifuta damu kwa kitambaa cha grisi, akapachika kibonge cha kwanza. Ng'ambo ya ua, jirani mwingine alipunguza redio.

"Sijachukua gurudumu lako, mzee," ilisema sauti ya Tonny. Ilikuwa na maji ndani yake. "Nilikuja kukusaidia kushusha viazi. Angalia vizuri, labda umeliacha nyum…" Kitu kizito kilitua mdomoni mwake, na maneno yaliyofuata yalitoka pamoja na meno. Mawili yalianguka kwenye saruji.

Phelista aliweka kikombe chini. "Huyo ndiye mwenyewe," alimwambia Jepchumba, kama anayemtambulisha mtu aliyeingia mlangoni.

Jepchumba alimgeukia mumewe. "Ni gurudumu gani anasema?"

"La akiba."

"Si hilo nililipeleka kuzibwa pancha?"

"Ndilo."

"Ulijua lini?"

"Nilipofika nyumbani jioni ile. Nilikuta umeliegemeza kwenye ukuta wa choo."

Jepchumba alifikiri kidogo. Kisha alichukua birika akamwongezea Phelista chai, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Walihamia upande wa kulia. Huko ulitoka mngurumo wa injini, na sauti ya Munene ikihimiza, "Pita juu yake twende, hawa watatugeukia." Gia iliingia. Kilichofuata kilikuwa kama gunia la makaa likikanyagwa, na kilikuwa kifupi kuliko wote wawili walivyokumbuka. Kisha gia ya nyuma ikaingia, kwa maana Kipketer alikuwa ameikosa kona, na gunia likakanyagwa tena. Tonny alikuwa bado anaita mama yake kati ya mara ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo hakuita.

Damu ilianza kudondoka kutoka kwenye chesisi. Kipketer alisukuma chini yake lile beseni la kukingia oili chafu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Walipachika vibonge vya kulia, wakarefusha mhimili wa usukani, wakavuta paipu za rejeta zisikazike, wakakaza boliti zote kwa zamu. Gari lilisimama juu, limenyooka. Jepchumba alimwaga majivu kwenye saruji akafagia. Yale meno mawili Phelista aliyafunga kwenye ncha ya leso.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza, mama. Tunapeleka viazi Malakisi. Panda tukubebe, usihangaike na nauli."

Mlango sasa ulikuwa juu mno kwa mama wa umri ule. Kipketer alimshika kiunoni, akamwinua, akamketisha katikati, kati yake na Munene. Walipita Kamukuywa, wakapita Chwele, wakizungumza juu ya bei ya mbolea. Munene alisema usukani umekuwa mwepesi.

Mbele ya Sirisia waliwaona watu barabarani. Yule muuza nyama alikuwa ameshika mguu wa kushoto. Mwanamke mwenye duka alishika kichwa kwa mikono miwili. Wengine walishika mikono na mguu wa kulia, na wote walikuwa wamemwinua Tonny kila mahali isipokuwa katikati, ambako alikuwa ameshikana na ardhi. Shuka jeupe lilikuwa tayari limetandazwa kwenye nyasi. Walipoliona gari walinyanyua zaidi, na Phelista akaanza kujifunga leso vizuri.

"Simama hapa," alisema.

"Hapa ni kona, mama. Nitasimama mbele."

Kipketer alipiga honi mara moja, si kwa ukali. Wale watu walitazamana. Kisha wakamshusha Tonny, kichwa kwanza, halafu mikono, halafu miguu, wakasogea kando kwenye mahindi. Kipketer aliingiza gia ya kwanza, akapita polepole, kwa adabu. Chini yao difu ilifanya kazi yake. Kitini hakuna kilichotikisika.

Phelista alikuwa bado anatazama mbele, akiitafuta ile mistari myeupe.

"Tumefika kwake?" aliuliza.

"Tumempita, mama," Kipketer alisema.

Munene, jicho likiwa limevimba, alitoa mkono dirishani akawapungia wale waliobaki nyuma. Nao, wakijipangusa vumbi, walimpungia.