Nyeupe ya Jashoda

Tangu barua ya dada yake ifike kutoka gerezani Bara Hindi, Jashoda hakutulia. Akiketi, anainuka; akichambua mchele, anarudia punje zile zile. Dada aliandika: "Ishirini na sita Januari, wanawake tuliofungwa kwa kudai uhuru tutavaa nguo za uzi wetu wenyewe, si za Mwingereza. Wewe huko Tinde utavaa nini?"

Jibu lilikuwa sandukuni. Miezi minne Jashoda alisokota pamba ya Wasukuma, mzee mmoja wa Ushirombo akamfumia: nguo nyeupe, ngumu kama gunia. Lakini mumewe Vrajlal, Baba Hansa kwa majirani, aliuza vitambaa vya Mwingereza, na mteja wake mkubwa alikuwa karani wa boma.

"Neno uhuru nisilisikie humu ndani," alimwonya. "Ukitoka barazani na tambara hilo, jihesabu umefiwa na mume."

Siku ikafika. Jashoda akavaa, akavua, akavaa tena. Aliogopa, tena alikasirika kwa kuogopa.

"Potelea mbali!" Akatoka, akaketi mbele ya duka.

Wa kwanza kumwona ni jirani yake Mwasiti, muuza vitumbua, na mdomo wa Mwasiti mnaujua, haujapata kulala na habari. Kwao mwanamke akikaa barazani na nyeupe tupu yuko edani, na wajane wa Kihindi alishawaona wakivaa hivyo hivyo. Aulize nini tena?

"Masikini Baba Hansa! Jana tu kanipimia kanga!" Huyoo, mbio!

Muda si muda baraza ikafurika kilio. Bernadina, mkulima wa pamba, alikuja na kuni za matanga kichwani. Hata karani alifika, kofia mkononi.

"Jamani, sikufiwa!" Jashoda akapaza sauti.

"Uchungu umempanda kichwani," wakanong'ona.

Vrajlal akachomoza kutoka ndani na futi yake ya kupimia.

"Yallah, maiti huyo!" Mwasiti akaruka.

"Maiti gani? Mimi mzima!"

"Basi mbona mkeo yuko edani?"

Vrajlal akamtazama mkewe, akamtazama karani. Jasho likamtoka.

"Hajafiwa!" akafoka. "Anadai uhuru!"

Vrajlal akaziba mdomo, lakini neno lilishatoka, tena kinywani mwake mwenyewe. Jashoda alicheka huku machozi yanamtiririka.

Bernadina akatua kuni, akaushika upindo wa ile nguo, akausugua vidoleni.

"Mama Hansa, hii si pamba yangu?"

"Ni yako."

"Kumbe uhuru nimekuwa nikiuuza kwa gunia! Hebu nifundishe kusokota."