Gauni la Kukamulia

Babu alikuwa na mdomo, hilo tusifichane. Kila jioni mezani alimwambia mjukuu wake kwamba yeye ndiye aliyemfundisha bibi kukamua ng'ombe. Bibi alimtazama tu, akaendelea kula. Ukweli ni kwamba kwa miaka ishirini kazi ya babu zizini ilikuwa kubeba ndoo, tena ikishajaa.

Mjukuu alikuwa na miaka mitano, mgeni kwenye chekechea ya jirani, na kwa miezi miwili hakuwahi kufungua kinywa darasani. Mwalimu alishaanza kukata tamaa. Siku ya somo la mifugo, mtoto akasimama mwenyewe, akasema, "Babu yangu anajua kukamua." Wenzake wakamwita muongo. Jioni hiyohiyo mwalimu akaja mbio kumwomba babu ajitolee kuwafundisha watoto, na ng'ombe aje naye.

"Ukishindwa mbele yao," bibi alisema mwalimu alipoondoka, "huyu mtoto hasemi tena mpaka aolewe."

Ijumaa ng'ombe alifungwa kwenye nguzo ya bembea, ndama wake kando, watoto thelathini wakakaa chini. Babu alianza vizuri. Hizi kwato, hiki kiwele, na ndama hunyonya kwanza ili maziwa yashuke. Kwa maneno hana mpinzani yule mzee. Ndama alipoondolewa, akachuchumaa, akavuta chuchu. Wapi. Akabembeleza, akapiga mluzi, akavuta tena. Ng'ombe akageuza shingo kumwangalia huyu mtu ni nani, kisha akaipiga ndoo teke ikabingirika hadi miguuni pa mwalimu.

"Si tulisema," mtoto mmoja akanong'ona, na wote wakasikia. Mjukuu akainamisha kichwa. Babu aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, maana safari hii haikuwa yake peke yake.

Mara mjukuu akamsogelea na mfuko. "Bibi kasema likikushinda, vaa hili."

Lilikuwa gauni la maua la kukamulia, linanuka zizi, ambalo bibi hulivaa kila alfajiri. Babu akamtazama mwalimu, akamtazama mtoto, akalivaa juu ya suruali. Likamkaba tumboni. Watoto walicheka hadi wengine wakagaagaa. Ng'ombe akalinusa, akashusha pumzi, akatulia, na maziwa yakaanza kugonga ndoo, chwaa, chwaa.

Kicheko kikakatika. Mjukuu akapanda kwenye benchi. "Mnaona? Hapendi watu asiowajua. Anamjua bibi kwa harufu, ndiyo maana babu kavaa gauni." Akaeleza na jinsi ndama alivyozaliwa, na jina la kila paka wa nyumbani, mpaka kengele ikalia.

Njiani aliendelea kuongea bila kumeza mate. Watu walitoka milangoni kumshangaa mzee na gauni lake la maua, mkononi kamba ya ng'ombe. Babu hakulivua. Angelazimika kusimama, na aliogopa mtoto asije akanyamaza.