Aliyetangulia Nyumbani

Kila asubuhi, vikombe vya chai vikishakusanywa, mkandaji alibisha mlango kwa kifundo cha kidole, akaingia, akanawa mikono kwenye sinki la pembeni, kisha akaibana kwapani mpaka ipate joto. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifungua kulabu za vazi la kubana kuanzia juu kwenda chini, taratibu, kama mtu anayefungua mzigo wa vyombo vya udongo. Akasogeza mto chini ya magoti ya mgonjwa, halafu akaanzia mahali ambapo mgonjwa hakutarajia: juu ya mitulinga, penye vile vishimo viwili vya shingo.

"Mbona panapouma ni tumboni," Bi Mkasi alimwambia siku ya kwanza.

"Najua, mama. Lakini maji ya huko chini yatapita wapi kama juu pamefungwa? Tunafungua njia kwanza."

Basi akafungua njia. Shingoni, kwapani, kwenye kinena. Hakukandamiza hata kidogo. Mkono wake ulipita juu ya ngozi kama mkono wa mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Kisha ndipo alipoanza kuyasukuma maji yaliyotuama kiunoni na ubavuni, polepole, kila yanapofika yanaachiwa kidogo, yanasukumwa tena. Bi Mkasi aliisikia mikono ile pembezoni tu. Katikati ya tumbo, kuanzia kitovu kipya alichotengenezewa na daktari mpaka kwenye mshono, ngozi ilikuwa imekufa ganzi, na mkono ukipita hapo alisikia kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Alikuwa fundi cherehani, na jina la Bi Mkasi alipewa na wateja wake, kwa sababu mkasi haukubanduka shingoni mwake tangu asubuhi hadi anapokwenda kulala. Alishona magauni ya maharusi wengi. Alijua kuficha tumbo la mtu kwa mshono mmoja wa pembeni, na siri hiyo aliwafanyia wote isipokuwa yeye mwenyewe. Lake lilibaki nje baada ya kuzaa kitinda mimba, likaning'inia, na mumewe, ambaye alikuwa mpima ardhi na mcheshi anayependwa na marafiki, alikuwa akiwaambia wageni, "Hilo tumbo la mama watoto linahitaji hati yake peke yake. Mipaka yake hata mimi imenishinda." Wageni walicheka. Bi Mkasi naye alicheka, tena kuliko wote, akaenda jikoni kuongeza chai.

Safari hii hakumwambia mtu. Alisema anakwenda mji mwingine kujifunza mashine mpya za kudarizi. Mumewe aliuliza swali moja tu, nani atapika. Ndiyo maana kabla ya kuondoka alipika vyakula akavigandisha kwenye friji, akapiga pasi mashati, akashona vifungo vyote vilivyolegea nyumba nzima. Kisha akaenda kwa daktari, akalazwa, akakatwa ile nyama ya tumbo na kunyonywa mafuta ya kiuno na mgongo. Nesi alimwambia uzito wa kilichotoka ulikuwa kama wa mtoto anayejifunza kutambaa. Siku iliyofuata akahamishiwa kwenye nyumba ya kupumzikia wagonjwa, yenye ukumbi mrefu ambamo wanawake wengine walipita wamejikunja, macho chini, kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Kila mmoja alikuja na uongo wake, kwa hiyo hawakuzoeana.

Alingoja simu ya nyumbani. Alifikiri mumewe atamuuliza soksi ziko wapi, au mtoto atalia apewe mama. Haikuja. Simu ilikaa kando ya mto na mirija miwili iliyotoka ubavuni mwake ikidondosha maji mekundu kwenye vichupa. Mwishowe alipiga mwenyewe.

Alipokea binti yake mkubwa. Nyuma yake masufuria yalikuwa yanagongana.

"Nani?"

"Mimi mama yako."

"Mama yuko jikoni," binti alisema. "Ngoja nikupe uongee naye."

Simu ikabadilisha mikono. Bi Mkasi akasikia pumzi anayoijua, ile ya mtu anayeepua sufuria huku simu ameibana kwa bega.

"Haloo," sauti yake mwenyewe ikamwambia. "Unaendeleaje? Maji yamepungua?"

"Yanapungua. Wewe umefikaje huko?"

"Kwa basi. Walipokutoa kwenye upasuaji na kukupeleka chumbani, mimi niliachwa kwenye beseni. Nikaona nikae pale nifanye nini. Nikatangulia nyumbani."

"Na vyakula nilivyogandisha?"

"Vimekwisha. Sasa napika. Yule mteja wa gauni la mikono mirefu nimemmalizia, alikuwa anakusumbua bure, ilikuwa ni kumwachia upande wa kwapa."

"Baba watoto amesema nini?"

"Aseme nini?" sauti ikauliza, bila ubaya wowote. Kisha ikaaga, kwa sababu kitu kilikuwa kinaungua.

Asubuhi, mkandaji alipokuwa akipasha mikono joto, Bi Mkasi alimweleza. Mkandaji alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nje kuna mawingu.

"Hutokea, mama. Nilikuwa na mgonjwa mmoja mwalimu, nyama yake iliyokatwa ilirudi shuleni ikaendelea na vipindi. Muhula ulipokwisha wakaipandisha cheo."

"Na mwalimu mwenyewe?"

"Alihamia kwa dada yake. Geuza shingo kidogo."

Bi Mkasi aligeuza shingo. Mikono ikashuka kwenye mitulinga, ikatulia, ikaachia. Tangu hapo alianza kuisubiri mikono ile kuliko chakula. Haikuwa kwa sababu ya maumivu. Alikuwa amejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimgusa bila kutaka kitu, bila kumpa mtoto amshike au shati alitie kifungo, na hakukumbuka. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, kama yanavyofanya kwa mtu aliyelala chali. Mkandaji aliyaona, akaendelea kusukuma.

"Nayo ni maji," alisema. "Yaache yatoke yanakotaka."

Lakini yeye hakuwa mgonjwa pekee. Mkandaji alikuwa na vyumba vingine, akamaliza, akafunga kulabu, akanawa, akaenda. Bi Mkasi alibaki na dari. Jioni, miguu ilipovimba na kiuno kikawa kizito kama kitambaa kilicholoa, alipiga simu nyumbani kusikiliza tu. Yule wa kule alimwambia kila kitu: kitinda mimba ameng'oka jino, bomba la uani limezibuliwa, wifi alipita akakaa sana. Hakukuwa na jambo lililokwama. Bi Mkasi alifurahi, akakata simu, na furaha ile ikakaa kifuani kama tonge lisiloshuka.

Mirija ilitolewa. Akaanza kutembea akiwa amenyooka kiasi, halafu akanyooka kabisa. Kwenye kioo cha bafuni aliona kiuno ambacho angemshonea mteja bila kuficha chochote. Daktari alisema kazi imekwenda vizuri. Mkandaji alimwonyesha jinsi ya kujisukuma maji mwenyewe shingoni na kwapani, akamwonya kwamba mgongoni mkono wake hautafika.

"Utafute mtu nyumbani akusaidie."

"Nitatafuta," Bi Mkasi alisema, na mkandaji hakuuliza ni nani.

Alirudi kwa basi, mto mdogo ukiwa kati ya mkanda wa kiti na tumbo. Mlango wa nyumbani ulifunguliwa na yule aliyetangulia. Mtu angedhani kwamba kipande kilichokatwa tumboni kingekuwa na mapengo, lakini hakikuwa na pengo hata moja. Alikuwa mzima, mwenye gauni lile la nyumbani la maua yaliyofifia, mkasi shingoni, tumbo limetangulia mbele kidogo kumpokea mgeni. Alimpokea begi.

"Umechoka. Ingia."

Mumewe alikuwa sebuleni, ramani ya viwanja imetandazwa mezani. Alipomwona Bi Mkasi alisimama. Hilo peke yake lilimfanya Bi Mkasi asite mlangoni, maana katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona akisimama kwa ajili yake. Alisogeza kiti kwa mikono yake mwenyewe, akafuta kikalio kwa kiganja.

"Karibu, karibu sana. Umefanana mno na mama watoto. Ni ndugu?"

"Ni ndugu," alijibu yule mwenye mkasi, akaenda jikoni.

"Basi wewe ni shemeji yangu. Kaa, shemeji. Ungemfundisha ndugu yako hiyo siri ya kujitunza." Akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama watoto, umesikia? Mwenzako yeye anatosha kwenye kiwanja cha kawaida. Wewe mpaka tuombe hati."

Kutoka jikoni kikaja kicheko. Bi Mkasi alikuwa amekicheka kicheko hicho kwa miaka mingi, lakini hakuwahi kukaa upande wa sebuleni kukisikiliza. Kilianza kwa nguvu, kikapanda, kisha mahali fulani karibu na mwisho kikakosa pumzi, kikaishia kwenye mlio wa kijiko ndani ya kikombe. Hakuelewa ilikuwaje watu waliokisikia muda wote huo hawakuwahi kugeuka kutazama.

"Baba watoto," alisema. "Mimi ndiye mkeo."

Mumewe alimtazama kwa adabu. Alimtazama vizuri, usoni, kiunoni, usoni tena.

"Shemeji na utani wako," akasema. "Nilijua tu tutaelewana."

Kitinda mimba alikuja akiwa na kiatu kimoja, gidamu imejifunga fundo. Alisimama mbele ya Bi Mkasi, akamwangalia kwa muda, akamwonyesha pengo la jino. Kisha akaenda jikoni kufunguliwa fundo.

Binti mkubwa ndiye aliyembebea begi mpaka kwenye chumba cha cherehani, ambako walimtandikia kitanda cha wageni. Alikuwa na umri wa kuanza kufanana na mama yake mikononi. Alitandika shuka, akakunja pembe, akachelewa kutoka.

"Mimi najua," alisema. "Nilijua tangu uliponipigia simu."

"Na hukusema?"

"Baba hakuuliza." Alilainisha mto ambao tayari ulikuwa laini. "Na yeye hachoki, mama. Wewe ulikuwa unachoka. Ulikuwa unasinzia kwenye mashine mpaka naogopa sindano itakuchoma. Sasa tunakula mapema, na hakuna anayelia bafuni."

Bi Mkasi hakujua kwamba kilio cha bafuni kilikuwa kikisikika nje. Alimshukuru binti yake kwa shuka. Binti alisema hapana shida, akasimama kidogo mlangoni kama anayetaka kukumbatiwa, lakini aliogopa mshono, na mama yake aliogopa kuomba.

Kwa hiyo Bi Mkasi akawa mgeni. Alipelekewa chai. Mumewe alimgongea mlango kabla ya kuingia kuchukua kitu, akamuuliza kama alilala vizuri, akangoja jibu. Hakuna aliyemtuma. Mchana alisikia cherehani ikihamishiwa ukumbini ili isimsumbue, na mguu wa yule aliyetangulia ukiikanyaga bila kupumzika, pindo hadi pindo la gauni la mtu. Wateja walikuja, wakasalimia, wakapimwa. Mmoja alichungulia mlangoni akasema, "Huyu ndugu yako kajaliwa umbo," na wote wakakubaliana kwamba kweli kajaliwa.

Safari ya basi ilikuwa imemrudishia uvimbe. Ulikaa mgongoni, mahali ambapo mkono wake haukufika. Alijaribu kujisukuma shingoni na kwapani kama alivyofundishwa, lakini maji yalibaki pale pale, mazito, na siku baada ya siku vazi la kubana likazidi kumchora mistari ubavuni.

Jioni moja, vyombo vilipokwisha kuoshwa, yule aliyetangulia aliingia chumbani. Alivua mkasi, akauweka juu ya meza. Alibana mikono kwapani. Kisha akafungua kulabu kutoka juu kwenda chini, akaanza kwenye vishimo vya shingo.

"Umejifunzia wapi?" Bi Mkasi aliuliza.

"Nilikuwa nasikia. Ulipokandwa kule, mimi nilikuwa nasikia huku. Mara nyingine niliacha kupika nikakaa."

Mikono yake ilikuwa migumu kwenye ncha za vidole, pale sindano inapochoma kila siku. Iliteremka kifuani, ikapita kwenye mshono, ikafika katikati ya tumbo, penye ganzi. Bi Mkasi akaisikia. Aliisikia yote, joto lake na uchovu wake, kwa sababu haikuwa kweli kwamba yule hachoki. Alikuwa amechoka sana. Ila hakuna aliyewahi kumwona ameketi.

"Unaumwa wapi wewe?" Bi Mkasi alimuuliza.

Yule mwingine alifikiri. Ilionekana swali lilikuwa geni kwake. Alifungua mdomo kujibu.

"Mama watoto," mumewe aliita kutoka sebuleni, "nipatie maji ya kunywa."

Wote wawili waliinuka. Mshono ulimvuta Bi Mkasi, na mkono wa mwenzake ukamrudisha kitandani kwa upole.

"Lala," alisema, akavaa mkasi wake, akatoka.

Bi Mkasi akasikia friji ikifunguliwa, maji yakimiminwa, sauti ya mumewe ikisema jambo la kuchekesha, na kicheko kikifuata kama kawaida. Akasikia pia mumewe akiongeza kwamba, madhali amekwisha simama, achemshe na chai. Basi akasogeza mto chini ya magoti, akafunika tumbo kwa shuka lisipate baridi, akangoja, maana chai huchukua muda.