Kocha wa Mchoraji

Cornelius alikuwa kocha wa timu ya vijana wa parokia, na nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, hapakuwa na mtu asiyefukuza kitu. Beda na Yonas walifukuza mpira. Bertilla alikimbia mbio ndefu. Hata jogoo wao alikuwa na mwili wa beki. Kitinda mimba, Rozina, yeye alichora: kwa mkaa ukutani, kwa kijiti mavumbini, popote. Na kila Cornelius alipopita aliuliza swali lake lilelile.

"Umemshinda nani?"

"Hakuna mtu, baba. Ni mbuzi."

"Haya. Kaza buti."

Msimcheke jamani. Alimpenda mtoto huyu kwa moyo wote, ila mapenzi yake yalijua njia moja tu, nayo ilipita uwanjani. Kumsifia beki aliweza mpaka beki akavimba kichwa. Mbele ya mbuzi wa mkaa alikuwa bubu, na ububu huo ulimuuma.

Basi padri akamwomba Rozina achore picha ya kilimo ukutani, ndani ya ukumbi wa parokia, siku ya sherehe ya somo, mtakatifu wa parokia, watu wakipita na kutazama. Cornelius alipopata habari machozi yalimlenga. Mwanawe amepangwa! Kesho yake alfajiri, baridi ya Ufipa ikikata masikio, akamtoa kitandani.

"Mchoraji asiye na pumzi hafiki dakika ya tisini," akamwambia, wakaanza kulizunguka shamba la mahindi.

Bertilla alipewa kazi ya kumnyoosha viungo. Beda alimkanda kiwiko kwa dawa ya misuli mpaka mtoto akanuka kama chumba cha kubadilishia jezi. Yonas, ambaye nje ya eneo la hatari hakuwa na maarifa mengi, alimfundisha namna ya kujiangusha.

Mama yao, Kristiana, aliyatazama hayo huku akipepeta ulezi. "Baba Beda, mtoto hachezi ligi."

"Mama Beda, mambo ya ufundi niachie mimi."

Mh! Akaachiwa.

Siku ikafika. Cornelius aliingia ukumbini na timu nzima, ngoma, vuvuzela, na ndoo ya machungwa yaliyokatwa kwa ajili ya mapumziko. Rozina alipochovya brashi, vuvuzela ikalia. Alipovuta mstari wa kwanza, wakashangilia. Aliporudi nyuma hatua moja kuutazama, kocha akapandwa na presha.

"Usirudi nyuma! Shambulia kulia! Kulia kuna nafasi!"

Na kweli kulia kulikuwa na nafasi, maana mtoto alikuwa hajachora kitu huko.

Rozina akahamia kulia. Mstari wa pili ukaenda mrama, wa tatu ukaufuata. Akaweka brashi kwenye kopo pamoja na nyingine, akalibeba kopo, akatoka. Cornelius akatangaza mapumziko na kugawa machungwa. Machungwa yakaisha, mchoraji hajarudi.

Alimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye jiko la pilau, akizitia brashi zake motoni. Ilikuwa imebaki moja. Cornelius akaidaka kama kipa.

"Sichori tena, baba."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakusaidia."

"Najua."

Neno hilo lilimkata maini. Laiti angelia au angemnunia! Cornelius amefungwa mechi nyingi, anaijua sura ya mchezaji ambaye hatarudi uwanjani, na sura hiyo sasa alikuwa nayo mwanawe. Akaogopa kwelikweli.

"Niambie basi nifanye nini."

Rozina akafikiri. "Ukae. Uangalie. Usiseme."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nimalize."

Kocha akatupa jicho uwanjani, ambako vijana wake walikuwa karibu kucheza fainali ya sherehe hiyo na timu ya Matai. "Haya," akasema, akamrudishia brashi.

Mashabiki wakafukuzwa, Rozina akarudi ukutani. Cornelius akakaa kwenye benchi, mikono ameikalia isije ikapiga makofi. Baadaye Beda akaingia mbio na jezi yake.

"Baba, mechi inaanza! Benchi halina kocha!"

"Mwambie katekista Flavian akae."

"Flavian hajui hata kuotea ni nini!"

"Hata mimi hapa sijui kitu, na nimekaa. Nenda."

Filimbi ikalia nje. Kelele zikapanda. Miguu ya Cornelius ikasimama yenyewe, akaikalisha. Hakuwa na pengine pa kupeleka macho, akayaelekeza ukutani. Rozina alikuwa amechora wanawake wakifukia majani yawe mbolea kwenye yale matuta ya mviringo ya kwetu Ufipa. Mmoja wao alisimama kando, jembe limeegemea paja, mkono kiunoni, uso ameugeuza asionekane.

"Huyu ni mama yenu," akasema, amesahau kabisa kwamba amekatazwa kusema.

"Ndiyo."

"Mbona ameshika kiuno?"

"Kinamuuma, baba. Tangu masika."

Mguu wa Yonas ukivimba kidogo, Cornelius anauona akiwa upande wa pili wa uwanja. Tangu masika amekuwa akitengewa ugali na mwanamke aliyejishika kiuno, na hakuona. Alisikia aibu, aibu ya mtu mzima. Nje watu walipiga kelele kubwa kuliko zote, naye hakuuliza nani amefunga.

Rozina akageuka, akaiona sura ya baba yake. "Niufute huo mkono?"

"Usiufute," akasema Cornelius. "Ngoja kwanza nimtazame."

Rozina akasogea pembeni ili aone vizuri.