Moli Mbili na Nusu

Angetile alikuwa mkulima wa kakao kule Ngana, wilayani Kyela, mama wa watoto watatu, na mtihani wa kemia wa kidato cha nne alikuwa anaurudia kwa mara ya tatu. Alitaka kusomea uuguzi. Masomo mengine alikwishafaulu; kemia tu ndiyo iliyomfungia mlango.

Mwalimu Telesphory, mtu wa Bukoba aliyepangiwa Kyela, alimfundisha kila Jumamosi. Kosa la Angetile lilikuwa lile lile: anazidisha mkolezo kwa ujazo bila kuugeuza ujazo kuwa lita.

"Mkolezo unakwambia lita moja ina moli ngapi," alimweleza. "Wewe una sentimita za ujazo ishirini na tano. Hiyo ni lita?"

"Si lita, mwalimu."

"Basi gawa kwa elfu moja kwanza."

"Ndaga fijo, asante sana. Safari hii sisahau."

Siku ya mtihani wa vitendo mvua ilipiga mabati tangu asubuhi. Telesphory alikuwa ameandaa kemikali, na kwa utaratibu alikaa stoo, haruhusiwi kusema na mtahiniwa. Katikati ya mtihani msimamizi, mama mmoja kutoka shule nyingine, akamwita. Meza ya tatu imeishiwa asidi.

Ilikuwa meza ya Angetile.

Alipoweka chupa, macho yakaangukia karatasi. Vipimo vya bureti vilikuwa vizuri mno, vitatu vinakaribiana. Chini yake ameandika: 0.1 mara 25, moli 2.5. Jibu lilikuwa 0.0025. Na tayari alikuwa ameanza hesabu inayofuata juu ya namba hiyo.

Telesphory alisimama pale kupita ilivyohitajika. Neno moja tu lingetosha: elfu. Angetile akainua uso, akamtabasamia kama mtu aliyeridhika na kazi yake.

"Mwalimu, asante," msimamizi akasema, akimwonyesha mlango.

Akatoka. Stoo akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Matokeo yalipotoka Januari, Angetile alimfuata shuleni, simu mkononi. F.

"Nilikosea wapi? Rangi ilibadilika vizuri kabisa."

"Sijui mengine. Lakini kwenye moli hukugawa kwa elfu."

"Umejuaje?"

"Niliona nilipoleta asidi."

Angetile akaitazama simu.

"Ungekohoa tu, mwalimu."

"Wangekufutia matokeo."

"Na sasa nina nini?"

Telesphory akamwambia usajili wa mwaka huu utafunguliwa karibuni, kwamba Jumamosi zake zipo vilevile.

"Najua," Angetile akasema. Hakuuliza tarehe. Akamuaga kwa heshima, akikunja magoti kidogo, akaenda barabarani kutafuta bodaboda ya Ngana.