Kwa Miguu Mpaka Matemwe

Gari iliharibika Kinyasini, na dereva akasema haiondoki siku ile. Mjaka akabaki kando ya barabara na watoto wake wawili, Tabia wa miaka saba na Machano wa minne. Ulikuwa mwaka 1969, mwezi wa tatu tangu mkewe, Mwanakheir, kufariki akijifungua, yeye na kichanga chake.

Mjaka alikuwa mchukuzi bandarini, mjini. Akienda kazini, watoto walibaki wenyewe chumbani, na wiki iliyopita Machano alijimwagia maji ya moto mkononi. Wanu, mdogo wa marehemu, akatuma salamu kutoka Matemwe: walete, nitakaa nao. Mjaka hakuwaambia watoto hivyo. Aliwaambia wanakwenda kutembea tu, kisha watarudi.

"Twende kwa miguu," akasema. "Tabia mbele, Machano katikati. Mimi nyuma, niwaone nyote."

Alifuata hatua za Machano, si zake. Kila penye kivuli aliwakalisha, akawapa maji hata kama hawakuomba, akawavua makubadhi kutazama kama nyayo zimechubuka. Aliwakataza kutia mkono chini ya mawe, wasije wakaumwa na nge. Jua lilipokuwa kali alirowesha kitambaa akamfunga Machano kichwani, kisha akambeba mpaka mabega yakafa ganzi.

Walipofika maweni, Tabia akachomwa na mwiba. Mjaka alimtua Machano, akainama kuutoa. Alipoinua kichwa, Machano hayupo.

"Machano!"

Kisha akasikia sauti ndogo ndani ya kichaka. Akapenya, miba ikimchana mikono, akamwona mtoto amesimama ukingoni mwa pango, ameinama anachungulia gizani. Mjaka akataka kupiga kelele, akajizuia. Angemshtua.

"Machano, mwanangu," akasema taratibu. "Kaa kitako. Hapo hapo ulipo."

Mtoto akakaa. Mjaka akamfikia, akamvuta kifuani. Tabia naye akafika nyuma yao.

"Baba, mama yumo humu," Machano akasema. "Nnamwita, naye anajibu."

Akaita tena, "Mama!" na pango likarudisha, mama.

Mjaka akakaa chini na mtoto mapajani, akalia mbele ya wanawe, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini.

"Baba, turudi nyumbani," Tabia akasema.

Hapo akashindwa kuendelea kuwadanganya. "Nyinyi hamrudi, Tabia. Mtakaa kwa mama yenu mdogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mkue kidogo."

Tabia akakunja uso. "Mimi nnaweza kumchunga. Siku ile alipoungua nlikwenda kuchota maji tu, baba. Sikukawia."

"Si kosa lako, mwanangu. Wallahi si kosa lako."

Tabia akatangulia, akichechemea, na njia nzima iliyobaki hakugeuka nyuma.

Walifika alasiri. "Shikamoo, mama mdogo," Tabia akasema. "Marahaba, mwanangu," Wanu akaitikia, akawatandikia mkeka. Machano akalala papo hapo, na Mjaka akaona afadhali aondoke vile vile.

"Mwamshe umuage," Wanu akamwambia. "Akiamka hakuoni, atatoka kukutafuta njiani."

Akamwamsha. Machano alipofahamu, akaing'ang'ania shati ya babake kwa mikono miwili, na Wanu akawa anambandua kidole kimoja kimoja. Tabia alikuwa amegeukia ukuta. Mjaka alimwita mara mbili.

Kila mwisho wa mwezi Mjaka alikwenda kuwatazama. Safari ya tatu, Machano alimkimbilia Wanu akijificha nyuma ya kanga yake, akiita, "Mama, mgeni!" Tabia akamletea baba chai kwenye sinia, akaiweka mbele yake kwa adabu, akauliza hali ya mjini.

"Mjini kuzuri," Mjaka akasema, akanywa chai yake yote, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.