Dirisha la Buruji

Thabit bin Muatasim hakuwa na mke. Mkewe alifariki miaka minne nyuma. Hakuwa na gari ya kupanda milima, ila pikapu kuukuu yenye tairi za kawaida. Hakuwa na mtende hata mmoja, hakuwa na zamu ya maji, hakuwa na jamaa wa karibu pale kijijini, na hakuwa na mtu wa kumwambia, "Sivyo, bwana, hapo umekosea." Hili la mwisho hakulihesabu kuwa ni upungufu.

Alichokuwa nacho ni buruji. Ulikuwa mnara wa ulinzi wa ghorofa tatu, wa mawe na udongo, uliosimama juu ya mwamba ndani ya bonde, mwendo usiofika saa moja kutoka Al Khoudh. Babu yake aliuacha alipokwenda Unguja, na karatasi za urithi zilizunguka katika ukoo mpaka zikamfikia yeye, kwa kuwa hapana mwengine aliyezitaka.

Thabit alizaliwa Unguja akaja Maskati kijana. Mchana alibeba faili katika ofisi ya serikali, na jioni alisoma uchoraji wa majengo, miaka mitano bila kukosa darasa, mpaka akapewa meza yake na taa yake. Alipostaafu, na mkewe alipofariki, alihamia Al Hail kwa mwanawe Aws, katika chumba cha nyuma karibu na pa kuegesha magari. Alilishwa vizuri, aliamkiwa kwa heshima, na siku nzima hapana aliyemuuliza jambo.

Wajukuu ndio waliomfungua macho. Walikuwa wanabishana wapi pa kwenda likizo: wengine walitaka mahema ya jangwani yenye vitanda vya hoteli, wengine vibanda vya kioo vya Jabal Akhdhar, na mmoja alitaka chumba kilichochongwa ndani ya pango.

"Watu wanalipa kulala pangoni?" aliuliza Thabit.

"Na lazima uwahi, babu. Wakati wa baridi hupati nafasi."

Basi alichukua kiinua mgongo chake, akatengeneza buruji kwa miaka miwili. Aws hakumkataza. Alisema tu, "Baba, jaribu msimu mmoja. Wageni wakija, alhamdulillahi. Wasipokuja, tutafunga mlango, urudi nyumbani." Thabit aliijua nyumbani maana yake: kile chumba cha nyuma.

Kazi aliyojivunia zaidi ilikuwa dirisha. Buruji haikuwa na madirisha, ila matundu membamba ya kutolea bunduki. Thabit alipima, akachora, akatoboa ukuta wa ghorofa ya juu upande wa mitende, upana wa mita mbili, akatia boriti nzito juu yake na kioo kimoja kizima kilichokatwa Ghala, mtaa wa mafundi mjini, na kupandishwa kwa kamba na wanaume sita. Mgeni akiamka kitandani, kabla hajavaa viatu, aliuona mlima wote ukibadilika rangi. Thabit aliandika karatasi ya matangazo kwa mkono wake, kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, akaipeleka kuchapwa. Ilisema: "Dirishani utaona milima, mashamba ya mitende, na magofu ya kale."

Wageni wa kwanza walikuja mwezi wa Novemba, wachache, wakasifu. Halafu alikuja Khulood, binti wa kampuni moja ya safari mjini, akakaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi akitazama mlima. Wiki ya pili alileta mkataba: kampuni itaijaza buruji kila mwisho wa wiki mpaka Machi, na picha ya dirisha itakaa ukurasa wa mbele wa tangazo lao. Alimpa siku saba za kufikiri. Thabit hakuhitaji hata moja, lakini aliona mtu wa maana hatii saini siku ile ile.

Mtu mmoja tu hakulisifu dirisha. Huyo alikuwa Khattab, wakili wa falaj, yaani msimamizi wa ule mfereji wa mawe unaoleta maji kutoka chini ya mlima na kuyagawa kijijini. Siku kioo kilipotiwa alikuja mpaka chini ya mwamba, akasimama na bakora yake.

"Abu Aws," alisema kwa Kiarabu cha pale, "buruji yetu siku zote ilikuwa na matundu madogo."

"Kwa ajili ya bunduki," alisema Thabit.

"Wazee walikuwa na sababu zao. Upande wa barabara walitoboa. Upande huu hawakutoboa kabisa."

"Kwa sababu adui hakuweza kupanda upande huu. Nimelisoma jambo hilo." Akamweleza kwa kirefu habari za unene wa kuta na uzito wa boriti, kisha akampa karatasi ya matangazo. Khattab aliisoma mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akamwombea baraka, akaenda zake. Tangu siku hiyo alimletea tende kila Ijumaa, lakini kuingia hakuingia.

"Anaona vibaya mtu wa Unguja kuwa na kitu kizuri," Thabit alimwambia dada yake kwenye simu.

Huyo dada, Zakiya, alimzidi miaka mitatu, na alikuwa akimdhihaki tangu walipokuwa watoto. Siku ya sita ya mkataba alikuja kuwapikia wageni wa Ijumaa, pamoja na Nalwoga, mwanamke wa Kiganda aliyefanya kazi nyumbani kwake mwaka wa saba sasa.

"Kwa hivyo watu wanatoka majumbani mwao penye kiyoyozi," alisema Zakiya akishuka kwenye pikapu, "wanakuja kulala kwenye tope la babu yetu."

"Si tope, dada. Ni udongo uliochanganywa na majani makavu."

"Hilo ndilo tope lenyewe, Thabit."

Waliteka jiko, wakapika wali na samaki wa kupaka. Masufuria yalipokuwa mengi, Nalwoga aliuliza maji ya kuoshea. Maji ya tangi yaliletwa kwa lori na yalikuwa ya wageni, kwa hiyo Thabit alimwelekeza kwenye falaj. "Fuata mfereji, uliza pa kuoshea. Watakuonyesha."

Nalwoga alikawia. Aliporudi masufuria yalikuwa bado yana masizi, na hakuyaweka chini.

"Mzee," alisema, "hilo dirisha lako lina shida."

"Shida gani?"

"Mimi nimeingia pale ndani kuosha, mama mmoja mzee anapita na ndoo kichwani. Ananiambia la, la, toka, usikae hapa. Ananionyesha juu, kwa dirisha. Anasema pale ni pahali pa wanawake kuoga, na sasa hakuna mtu anaoga."

"Ndani wapi?"

"Zile kuta nne. Hazina paa."

Thabit alitabasamu. "Yale ni magofu, Nalwoga. Ya zamani sana."

"Magofu gani, mzee? Kuna sabuni. Kuna jiwe la kukalia, kuna vijiti vya kutundikia nguo. Maji yanapita katikati."

Zakiya alifuta mikono kwa kanga yake. "Nalwoga, mwanangu, rudi ukasimame pale pale. Chukua na sufuria. Sisi tunapanda."

Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na hakukubali kushikwa mkono. Juu alimsukuma ndugu yake mpaka kwenye kona ya kushoto ya kioo, mahali ambapo Thabit hakuwa na desturi ya kusimama, kwa sababu mlima unaonekana vizuri zaidi kutoka katikati.

"Tazama chini. Si mlimani. Chini."

Alitazama. Kuta nne alizokuwa akiziona kila siku zilikuwa chini yake kabisa, wazi kama sanduku lililofunguliwa. Nalwoga alikuwa amesimama ndani. Kilemba chake cha manjano kilionekana, na sufuria, na kipande cha sabuni ya buluu juu ya jiwe. Alipunga mkono. Kisha, kwa kuwa alichoka kungoja, alikaa, akavua kandambili, akavuta gauni mpaka magotini ili atie miguu majini.

Thabit aligeuza uso ukutani.

"Umeona?" alisema Zakiya.

"Lakini kila siku natazama hapa, dada. Sijaona mtu hata mara moja."

"Na unadhani kwa nini hujaona?"

Alikaa kitandani, pale alipokaa Khulood, akatoa mfukoni karatasi ya matangazo, akaisoma mstari wa magofu kwa lugha zote tatu. Alikumbuka wageni waliosimama kwenye kona hiyo na kamera. Alikumbuka kwamba karatasi hiyo aliitia yeye mwenyewe mkononi mwa Khattab.

"Yule bwana angeniambia," alisema.

"Akwambie vipi? 'Wewe mgeni, wake zetu wanaoga pale'? Kwa lugha gani? Kakwambia kwa alivyoweza, na weye ukamsomesha."

Nalwoga aliporudi walikuwa bado wanashauriana. Zakiya alisema, "Tia pazia nene upande huo, yaishe."

"Pazia linafunguliwa, mama," alisema Nalwoga.

Thabit aliwaza kioo cha ukungu, akawaza kuinua kizingiti, akatoa hata penseli. Lakini aliyeko chini hawezi kujua aliyeko juu anaona kiasi gani, na kikongwe mwenye ndoo asingepanda ghorofa tatu kwenda kukagua. Na Khulood alilitaka dirisha kama lilivyo. Hapakuwa na mchoro wa kuwaridhisha wote wawili.

"Tangu lini wanachukua maji kwa ndoo?" aliuliza.

"Tangu Oktoba, anasema yule mama," alijibu Nalwoga. "Tangu kioo."

"Ukiliziba," alisema Zakiya, sasa kwa sauti ya chini, "kampuni haitakutaka. Utarudi Al Hail, Thabit."

"Nnajua."

"Miye nakwambia tu, usije ukasema sikukwambia."

Wageni wa Ijumaa walikuwa njiani. Thabit alipigilia blanketi mbili juu ya kioo, akapandisha magodoro darini, mahali ambapo ukuta wa walinzi umepita kimo cha mtu, na mtu akilala haoni ila mbingu na ncha ya mlima. Wageni hawakulalamika. Waliuliza kama kuna blanketi nyingine, maana zile za kitandani hazikutosha, na asubuhi walikula mandazi manane ya Zakiya.

Walipoondoka, Thabit alikwenda kwa Khattab baada ya sala ya alasiri. Alikaribishwa, akaletewa tende, kisha kahawa. Njia nzima alikuwa ametunga hotuba ya kuomba radhi, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Lakini alipomtazama mwenyeji wake, anayemimina kahawa bila haraka na bila kumtazama usoni, aliona kwamba hotuba hiyo ingemlazimisha Khattab kusikia kwa sauti jambo alilojitahidi miezi yote lisitamkwe.

"Nimekuja kukuuliza," alisema, "ukuta ule wa upande wa mitende, zamani ulikuwa na unene gani?"

Khattab aliweka dele la kahawa chini. "Dhiraa mbili."

"Nataka kuurudisha."

"Wote?"

"Wote. Bila tundu."

"Usitumie saruji, Abu Aws." alisema Khattab. " Saruji na udongo haviendi pamoja. Mvua moja ukuta unapasuka. Chukua udongo wa pale bonde linapopinda, uuloweke siku mbili. Nitakupa watu."

"Watu nitawatafuta Ghala."

"Watu wa Ghala hawaujui udongo wetu," alisema Khattab, akamjazia kikombe tena.

Jumatatu kioo kilishushwa kwa kamba zile zile. Khattab alileta watu wanne, naye akasimama ndani ya buruji tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akimkosoa kila mtu, na Thabit zaidi. "Sivyo, majani mengi zaidi." "Sivyo, rowesha jiwe kwanza." Thabit alirudia kila alipoambiwa arudie. Jumanne jioni ukuta ulifungwa. Alhamisi, saa kumi, alisikia sauti za wanawake kutoka upande wa falaj, na mmoja wao anacheka. Alichukua kiti chake akakihamishia upande wa barabara.

Siku saba za mkataba zilikuwa zimepita. Khulood alikuwa amepiga simu mara mbili, na mara zote Thabit alimjibu kwamba atamletea jawabu kwa maandishi. Aws alisema, "Baba, mtumie ujumbe wa sauti, dakika moja tu." Thabit alisema jambo la dakika moja si hili.

Aliandika kwa Kiarabu, kwa wino, akaandika upya mara moja kwa sababu ya doa. Aliandika:

"Bibi Khulood, baada ya salamu. Dirisha ulilolipiga picha halipo tena. Lilitobolewa mahali pasipostahiki, na kosa ni la mchoraji, ambaye ni mimi. Tafadhali picha hiyo isitumike, na ukiwa na nyengine za upande huo, zifutwe. Pamoja na barua hii kuna mchoro mpya wa buruji. Mgeni atalala darini, ndani ya ukuta mrefu. Hataona mitende wala kijiji. Ataona mbingu, na asubuhi ncha ya mlima. Wakati wa baridi atahitaji blanketi mbili. Kampuni yako ikikubali hali hii, niletee mkataba mwengine nami nitautia saini siku hiyo hiyo. Isipokubali, nakurudishia huu haujaguswa, na sitakuwa na neno."

Alikunja mkataba, mchoro na barua, akavitia katika bahasha moja ya khaki. Ijapokuwa bahasha ilikuwa na gundi yake, alipaka nyengine juu, akaibana chini ya kamusi mpaka ikakauka. Asubuhi aliteremka na pikapu mpaka posta ya Al Khoudh. Karani alimuuliza kama apeleke kwa rejista au kwa kawaida.

"Kwa rejista," alisema Thabit, akaisukuma bahasha chini ya kioo. Karani aliigonga mhuri mara mbili, akaitupa kwenye kapu la mjini.